Strega Nona, nyanya «mchawi» aliyezuia umati kumnyonga kijana

Katika kurasa za mwisho za kitabu, wanaume wa mji wamekasirika. Barabara imejaa chakula, milango ya nyumba imeng'olewa, na aliyeleta balaa hiyo amesimama mbele yao: kijana mrefu, mzembe, anayeitwa Big Anthony. Wanaume wanataka kumtundika. Meya yupo pale, padri yupo, masista wapo. Mtu pekee anayewaambia wangoje kwanza ni mama mzee mfupi, mwenye pua ndefu na kitambaa kichwani, ambaye mji mzima unamwita mchawi.

Jioni moja hapa Bukavu nilikuwa nikimsomea mtoto wa dada yangu kitabu hicho, nikimtafsiria kutoka kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Ana miaka 7. Mpaka pale alikuwa amecheka sana. Tulipofika kwa wanaume wenye hasira, akaniuliza kama watamchoma.

Kitabu hakina moto hata kidogo. Moto huo mtoto aliutoa kwingine.

Kitabu chenyewe kinaitwa Strega Nona. Kilitolewa Marekani mwaka 1975, kikiwa kimeandikwa na kuchorwa na mtu mmoja, Tomie dePaola, na mwaka 2025 kilitimiza miaka 50. Ni kitabu chembamba cha picha, cha watoto wadogo. Wamarekani wengi waliokisoma wakiwa shule ya msingi leo wanakisomea wajukuu wao. Kimezaa vitabu vingine vingi vya mama huyo huyo. Wapo pia, nchini Marekani, waliotaka kiondolewe katika maktaba za watoto kwa sababu kinamwonyesha mchawi akiwa mtu mwema. Malalamiko hayo tusiyacheke haraka, tutayarudia.

Chungu kisichonyamaza

Hadithi iko hivi. Zamani, katika mji mdogo wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia, aliishi mama mzee aliyeitwa na wote Strega Nona. Jina hilo maana yake ni Nyanya Mchawi. Wengi wetu hapa tungesema Koko. Watu walimzungumzia kwa sauti ya chini. Lakini mtu akipata shida, anapanda kilima kwenda kwake. Hata padri alikwenda, na masista wa konventi pia. Alitibu kichwa kinachouma kwa mafuta, maji na pini ya nywele. Aliwatengenezea dawa wasichana waliotafuta mabwana. Aliondoa chunjua.

Nguvu zikaanza kumpungukia. Akaweka tangazo katika uwanja wa mji kwamba anatafuta msaidizi, na aliyekuja ni Big Anthony, kijana ambaye anajulikana kwa jambo moja: hasikilizi. Kazi zake zilikuwa kufagia, kuosha vyombo, kupalilia bustani, kulisha mbuzi na kumkamua, kuchota maji. Malipo yake: sarafu 3, chakula, na mahali pa kulala. Kulikuwa na katazo moja tu. Asiguse chungu cha makaroni.

Jioni moja akiwa na mbuzi nje, anamsikia mama mzee akikiimbia chungu. Chungu kinatokota na kujaa makaroni, yale marefu tunayoita spageti, bila mtu kutia kitu ndani. Akishapata ya kumtosha, anaimba tena, chungu kinanyamaza. Big Anthony amesikia nyimbo zote mbili na anafikiri ameshajua yote. Lakini baada ya wimbo wa pili mama mzee alikipulizia chungu mabusu matatu, na kijana hakuyaona. Msomaji ameambiwa, hata mtoto wa miaka 4 anajua. Ni Big Anthony peke yake asiyejua, na hapo ndipo watoto wanaanza kukaa vibaya kwenye kiti.

Anakwenda kisimani kuchota maji, anawasimulia watu. Wanamcheka. Kuchekwa kunamuuma, kwa hiyo siku Strega Nona anavuka mlima kumtembelea rafiki yake, Strega Amelia, kijana anapata nafasi. Anaimba, chungu kinajaa, anakimbia mjini kuwaita watu waje na uma, sahani na mabakuli. Wanakuja wote, padri na masista pamoja nao. Wanakula, wanarudia, wanampigia makofi. Kisha anaimba wimbo wa kuzuia, na chungu hakisikii. Makaroni yanafunika sakafu, yanatoka mlangoni, yanateremka barabarani kuelekea mjini. Meya anaamuru watu walete magodoro, meza na milango wajenge kizuizi. Makaroni yanapita juu. Masista wanaomba. Ndipo mama mzee anarudi, anaelewa mara moja, anaimba, anapuliza mabusu matatu. Kimya.

Hapo ndipo wanaume wanapomgeukia Big Anthony. Na hapo Strega Nona anatoa hukumu yake: adhabu ilingane na kosa. Anampa kijana uma. Alitaka makaroni, basi ayale yote, kwa sababu yeye mwenyewe usiku huo anataka kulala katika kitanda chake. Picha ya mwisho inamwonyesha Big Anthony na tumbo lake.

Mchoro wa mkutanoni

Tomie dePaola alizaliwa tarehe 15 Septemba 1934 huko Meriden, katika jimbo la Connecticut. Upande wa mama yake ulitoka Ireland, upande wa baba ulitoka Italia. Alisomea kuchora katika chuo cha Pratt, New York, na alipomaliza alijaribu kwa miezi michache maisha ya utawa katika monasteri ya Wabenedikto, jimbo la Vermont. Hakubaki. Lakini ukimwangalia jinsi anavyochora masista, mikono yao, vichwa vilivyoinama, unaona kwamba amekaa karibu na watu wa aina hiyo na kwamba anawapenda, hata pale anapowapanga foleni mlangoni kwa mchawi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwalimu wa chuo huko New Hampshire. Walimu wanajua mikutano ilivyo mirefu. Katika mmoja wa mikutano hiyo alikuwa akichorachora sura ya Pulcinella, yule mtu wa kuchekesha katika michezo ya kuigiza ya Italia, mwenye pua ya kujikunja na kidevu kinachotoka mbele. Akaongeza kitambaa kichwani, na Pulcinella akageuka kuwa mama mzee. Akaandika pembeni jina lake.

Baadaye alipotakiwa kusimulia upya hadithi moja ya kale, alichagua ile aliyoipenda tangu utoto, ya chungu cha uji kisichokoma kupika. Uji akaugeuza makaroni, akahamisha kila kitu hadi Calabria, na mwenye chungu akawa yule mama wa mkutanoni. Kwenye jalada kuna maneno kwamba ni hadithi ya zamani iliyosimuliwa upya. Kwa sababu hiyo watu wengi waliamini kwamba Strega Nona ni mtu wa masimulizi ya Waitaliano, kama vile sungura alivyo wa masimulizi yetu. Hapana. Chungu ni cha kale. Mama huyo ni wa dePaola.

Mwaka 1976 kitabu kilipata heshima ya Caldecott, ambayo chama cha maktaba cha Marekani kinatoa kila mwaka kwa wachoraji wa vitabu vya watoto. Ilikuwa heshima ya daraja la pili. Medali yenyewe mwaka ule ilikwenda kwa Leo na Diane Dillon, mtu na mke wake, waliochora hadithi ya Afrika ya Magharibi kuhusu mbu na sababu inayomfanya apige kelele masikioni mwa watu. Natamani kila mchapishaji wa Kinshasa, Bukavu na Lubumbashi akumbuke jambo hilo: katika mwaka mmoja, vitabu viwili vya picha vilivyosifiwa kuliko vingi katika nchi kubwa ya vitabu vilitoka katika masimulizi ambayo wazee walikuwa wakiyatoa bure usiku. Moja lilikuwa la kwetu Waafrika, na aliyelisimulia kwa kiingereza alikuwa Mmarekani, Verna Aardema.

DePaola alitoa vitabu zaidi ya 260 ikihesabiwa na ile aliyowachorea wengine. Alikufa tarehe 30 Machi 2020, akiwa na miaka 85.

Mchi uliochota maji

Chungu chake kina babu wengi, na wa zamani kabisa anayejulikana vizuri alitembea katika ardhi ya Afrika.

Katika karne ya pili, mwandishi Lucian wa Samosata, mji ulioko leo nchini Uturuki, aliandika kwa kigiriki mazungumzo ya kuwacheka watu wanaopenda uongo. Mmoja wa wasimulizi wake anaitwa Eucrates. Anadai kwamba akiwa Misri, safarini juu ya Nile, alikutana na mtu mwenye elimu ya siri, Pancrates. Walipofika nyumba ya wageni, Pancrates alichukua komeo la mlango, ao fagio, ao mchi wa kutwangia, akauvika nguo na kuusemea maneno. Mchi ukatembea. Ukachota maji, ukanunua chakula, ukapika. Kazi ikiisha, anasema neno jingine, unarudi kuwa mti.

Eucrates akajificha gizani akalisikia neno la kwanza. Lilikuwa na silabi tatu. Kesho yake mwenzake alipokwenda sokoni, akauvika mchi nguo akauambia uchote maji. Ukachota. Akauambia basi, inatosha. Ukaendelea. Nyumba ikaanza kujaa maji. Akashika shoka akaupasua mchi vipande viwili, na kila kipande kikachukua mtungi wake kikaenda mtoni. Pancrates aliporudi aliurudisha mchi kuwa mti, kisha akaondoka bila kuaga na hakuonekana tena.

Mama yeyote wa Walungu ao wa Masisi aliyeamka asubuhi kutwanga sombe anaweza kuelewa ndoto iliyo nyuma ya hadithi hiyo: mchi ujitwangie wenyewe, maji yaje yenyewe. Nafikiri ndiyo maana haikufa. Mjerumani Goethe aliifanya shairi mwaka 1797, mchi ukiwa sasa fagio. Mfaransa Paul Dukas aliifanya muziki mwaka 1897. Mwaka 1940 Walt Disney akampa Mickey Mouse kofia ya mchawi katika filamu ya Fantasia, na tangu hapo dunia nzima inajua fagio linalochota maji.

Tawi la pili ni la chakula. Ndugu wawili Grimm, Wajerumani waliokusanya masimulizi ya kwao, walitoa mwaka 1815 hadithi fupi sana, haifikii hata ukurasa mmoja. Msichana maskini na mama yake hawana tena cha kula. Msichana anaingia msituni, anakutana na mama mzee ambaye anaijua shida yake kabla hajaisema, naye anampa chungu. Ukikiambia kipike, kinapika uji mtamu wa mawele. Ukikiambia kinyamaze, kinanyamaza. Njaa inaisha. Siku moja msichana ametoka, mama yake anakiamuru chungu kipike, anakula, anashiba, na neno la kukizuia halijui. Uji unajaza jiko, nyumba, nyumba ya pili, barabara nzima, kama vile unataka kushibisha dunia. Inapobaki nyumba moja tu ndipo msichana anarudi na kusema neno. Na kila mtu aliyetaka kuingia tena mjini alilazimika kula njia yake.

Kuna na kinu cha Wanorwe kinachosaga chumvi mpaka leo chini ya bahari, ndiyo sababu maji yake hayanyweki. Wataalamu wa masimulizi wanaviweka kinu na chungu cha Grimm katika fungu moja.

Ukiziweka hadithi hizi kando ya kitabu cha dePaola, unaona alichochukua na alichoongeza. Alichukua chungu. Alichukua kijana anayesikiliza kwa wizi. Ule mwisho wa Grimm, mji mzima kula njia yake, aliuchukua pia lakini akaufanya adhabu ya mtu mmoja. Na akaongeza mambo mawili ambayo siyaoni kwa Lucian, kwa Goethe wala kwa Grimm. La kwanza ni mabusu. Katika hadithi zote za kale kinachokosekana ni neno, na anayelijua ana nguvu. Big Anthony neno analo. Ameimba wimbo wa kuzuia, kila mstari sawa. La pili ni umati wenye kutaka kuua. Kwa Lucian mwalimu anaondoka. Kwa Goethe anaikemea mifagio irudi pembeni. Kwa Grimm watu wanakula tu. Ni dePaola aliyefikiri kwamba mji ambao umepoteza mali yake kwa sababu ya uchawi utamtafuta mtu wa kumtundika.

Neno gumu kutafsiri

Narudi kwa yule mtoto, kwa sababu shida yangu usiku ule ilianza mapema kuliko kwenye kamba. Ilianza kwenye jina.

Strega. Kwa kiitalia ni mchawi mwanamke. Neno linatoka katika kilatini, kwa ndege wa usiku, wa jamii ya bundi, ambaye Waroma wa zamani walisema ananyonya damu ya watoto. Yaani si neno la upole. Katika Ulaya, kati ya miaka ya 1400 na 1700, watu makumi ya maelfu waliuawa kwa mashtaka ya uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake.

Lakini kazi anazofanya Strega Nona katika kitabu zinajulikana katika vijiji vya kusini mwa Italia, na hakuna aliyeziita mauaji. Mafuta na maji ni dawa ya jicho baya. Mama anadondosha mafuta katika sahani ya maji, anaangalia yanavyotawanyika, anasema sala zenye majina ya watakatifu, anafanya ishara ya msalaba. Maneno hayo nyanya anamwachia mjukuu, mara nyingi usiku wa kuamkia Noeli. Mtaalamu wa Italia, Ernesto De Martino, alizunguka katika Lucania, eneo linalopakana na Calabria, na mwaka 1959 akatoa kitabu kuhusu uchawi wa kusini. Alikuta wakulima maskini sana, mbali na daktari, wenye kuzika watoto wao. Kwao, aliandika, ishara na maneno hayo yalimzuia mtu asivunjike kabisa mbele ya msiba. Na padri hakuwa mbali. Sala zake zilikuwa zimechanganyika humo humo. Kwa hiyo foleni ya masista mlangoni kwa mchawi si mzaha tu wa mchoraji.

Sasa tafsiri hiyo kwa mtoto wa Bukavu. Tuna maneno, tena mengi. Mulozi ndiye anayeroga na kuua. Mufumu anaangalia, anatambua. Mganga anatibu. Strega Nona anafanya kazi za mganga, na pengine za mufumu, lakini jina lake ni la mulozi. Nilichagua Nyanya Mganga. Nilifanya hivyo kwa woga, nakiri.

Woga huo una sababu. Mwezi wa tisa 2021, katika vijiji vya Kivu Kusini, Kalehe ikiwemo, wanawake kadhaa waliotuhumiwa uchawi waliuawa na umati, wengine kwa kuchomwa. Mara nyingi katika visa vya aina hiyo ni mama mzee, mjane, anayeishi peke yake, na anayemtaja ni mtu anayedai kuona yaliyofichika. Upande wa watoto, Katiba ya RDC ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaadhibu tendo hilo. Nchi haiandiki jambo katika Katiba yake kama halipo barabarani.

Kwa hiyo naelewa mzazi, wa Marekani ao wa Kadutu, anayesema kitabu kama hicho kisipewe watoto. Anaogopa kwamba mtoto atauona uchawi ni mchezo. Lakini kitabu hakimfundishi mtoto kuroga. Mambo ya kichawi ndani yake ni chungu kimoja. Yaliyobaki ni watu: wanaomnong'oneza mama mzee asubuhi na kumgongea mlango jioni, wanaomcheka kijana, kisha wanakula chakula chake, kisha wanamtafutia mti. Mtoto wa hapa anawatambua watu hao bila mtu kumweleza. Ndiyo maana yule wangu aliuliza juu ya moto.

Na ndiyo maana nafikiri nilikosea kwenye jina. Nilipoandika Mganga juu ya Mchawi nilimwondolea mama mzee hatari yake. Anaposimama mbele ya wanaume wale, anasimama akiwa ndiye ambaye siku nyingine wangeweza kumfanyia vile vile. Chungu ni chake. Wimbo ni wake. Katika mji mwingine, hasira isingemwishia Big Anthony. Ingepanda kilima mpaka kwa mwenye chungu. Yeye analijua hilo, nadhani, amekaa na minong'ono maisha yake yote. Bado anasema ngojeni. Halafu anapima: kijana alifanya nini hasa? Hakuua mtu. Alipika makaroni mengi. Basi ale.

DePaola mwenyewe aliendelea kumtetea mama huyo katika vitabu vilivyofuata. Katika kile cha mwaka 1996 kinachosimulia ujana wake, anaonyesha jinsi alivyofundishwa na nyanya yake, Concetta, na siri ya mwisho ya chungu inapotajwa, ni upendo. Mimi kwa ladha yangu ningeliacha neno hilo bila kutajwa. Mabusu matatu yalikuwa yamelisema, na yalilisema vizuri zaidi mbele ya kijana ambaye hakuyaona kwa sababu aliona sauti inatosha.

Usiku wa pili mtoto alidai tukisome tena. Safari hii nilisema Koko Mulozi, nikamtazama. Alikaa kimya kidogo, akataka kujua kama padri alijua kwamba ni mulozi wakati anakwenda kwake. Nikamwambia ndiyo, alijua. Akakubali, tukaendelea. Kwenye mabusu alihesabu kwa sauti. Kwenye wanaume hakuuliza tena juu ya moto.

Aliuliza jambo jingine, tukiwa tumeshafunga kitabu na mama yake anamwita kulala. Wale wote walikuja na sahani, alisema, na padri, na meya. Walikula. Walipiga makofi. Sasa mbona anayepewa uma ni Anthony peke yake?

Nilirudi kwenye picha kutafuta. Watu wa mji wamesimama pembeni, wanaangalia. Hakuna aliyeshika uma.